Alama Arobaini za Mkunga Sikudhani

Ipo nchi moja ambayo ramani yake imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata jina lake limefutika pale penye mkunjo, na kwa kuwa hakuna mwenyeji aliyelalamika, nasi tutaliacha hivyo hivyo. Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Usikivu wa Umma. Ilikuwa pia na wizara za maji, za barabara na za kilimo, kama nchi nyingine zinazojiheshimu, ila hizo zilipewa vyumba vichache katika ghorofa ya chini ya Wizara ya Usikivu, kwa hoja kwamba mwananchi akishazoea kusikiliza vizuri hatakuwa na nafasi ya kuulizia maji.

Msingi wa kazi ya Wizara ulikuwa makofi. Kila sauti iliyotoka katika kipaza sauti cha Serikali ilipokewa kwa makofi, wala si mwishoni mwa hotuba kama wafanyavyo watu wasiofundishwa, bali kila mara msemaji aliponyamaza kuvuta pumzi. Waraka wa kwanza wa Wizara ulieleza kwamba makofi ndiyo stakabadhi ya sikio. Asiyepiga makofi hakupokea maneno, na asiyepokea maneno ya Serikali bila shaka ana jambo analoficha. Wananchi waliizoea desturi hiyo tangu chekechea. Stesheni ilipotangaza kwamba treni ya saa mbili asubuhi ingeondoka kesho yake, abiria walitua mizigo yao wakapiga makofi. Hospitali ilipotangaza kwamba dawa zimekwisha, wagonjwa waliokuwa na nguvu walipiga makofi kwa niaba ya wasiokuwa nazo.

Basi ikatokea kwamba ujumbe wa maofisa kumi na wanane ulisafiri ng'ambo, na wenyeji wao wakawauliza kwa Kiingereza kama wangependa chai au kahawa. Kiongozi wa ujumbe alisimama, akafunga kifungo cha koti, akajibu kwamba lengo hilo lingefikiwa ifikapo mwisho wa mwaka wa fedha. Habari zilipofika nyumbani Serikali iliona aibu, na kama ilivyo kawaida ya serikali ikiona aibu, ilitunga mtihani kwa ajili ya watu wengine. Maofisa wale hawakuguswa. Ilitangazwa tu kwamba raia yeyote anayetaka kuvuka mpaka, hata kama anakwenda kuzika, sharti kwanza afanye Mtihani wa Taifa wa Kusikiliza Kiingereza, wenye maswali arobaini, ndipo afikiriwe kupewa Kibali cha Kutoka.

Tangazo hilo lilipigiwa makofi mara tano. Miongoni mwa waliopiga, akiwa amesimama katika foleni ya posta na barua mkononi, alikuwa mkunga mstaafu aitwaye Sikudhani Mbaruku. Alipiga makofi yote matano, kisha akatambua kwamba tangazo lile lilikuwa linamhusu yeye.

*

Sikudhani alikuwa mjane wa miaka sitini na mmoja. Kwa miaka thelathini na mitatu alifanya kazi katika wodi ya wazazi ya mji wa Mirerembe, na nusu ya watu aliopishana nao barabarani asubuhi alikuwa amewapokea kwa mikono yake wakiwa uchi na wenye hasira. Walimwamkia kwa heshima, wakapita. Mwanawe mwenyewe alikuwa mmoja tu, Tunu, naye aliishi ng'ambo, mbali kiasi kwamba huku kukiwa mchana kule watu ndiyo kwanza wanaamka. Mume wa Tunu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu mwema ambaye wiki tatu katika kila nne alikuwa barabarani.

Tunu alipiga simu kila Jumamosi saa saba mchana. Jumamosi moja alisema kwamba ana mimba ya miezi minne, na Jumamosi iliyofuata akasema jambo zito zaidi.

"Mama, huku manesi ni wazuri lakini wote wana haraka. Mtu anakuja, anaangalia mashine, anaondoka. Hakuna anayekaa. Nataka uwe karibu siku hiyo ikifika."

"Nitakuwa karibu."

"Usiseme tu, Mama."

"Mwanangu, nimewapokea watoto wa watu ambao hata salamu zao sizijui. Wa kwako nitamwachia nani?"

Ahadi hiyo ilikuwa rahisi kutolewa siku ya Jumamosi. Siku ya Jumanne ndipo tangazo la mtihani lilipotoka. Sikudhani alihesabu kwa vidole kama alivyozoea kuwahesabia wengine: mtihani ungekuwa mwezi wa tisa, matokeo mwezi wa kumi, na mtoto alitarajiwa katikati ya mwezi wa kumi na moja. Muda ulitosha, iwapo angefaulu mara ya kwanza. Kiingereza alikuwa nacho kidogo, cha vitabu vya ukunga. Alijua majina ya mifupa yote ya nyonga, ila hakujua jinsi ya kuulizia kituo cha basi.

*

Wizara ilifungua madarasa ya matayarisho katika ukumbi wa wilaya, chini ya mkufunzi aliyeitwa Dokta Pantaleo Ngwira. Dokta Ngwira alikuwa mtu wa taratibu. Aliandika ubaoni kanuni za kusikiliza, ambazo zilikuwa nyingi kuliko maswali ya mtihani wenyewe, na kanuni iliyopigiwa mstari ilisema kwamba mtahiniwa akae wima, penseli aishike kwa meno, mikono yote miwili ibaki huru.

Jirani yake Sikudhani, Bwana Likwata, fundi baiskeli aliyetaka kwenda kumwona mwanawe katika mji ule ule alioishi Tunu, alikaa kiti cha pembeni. Penseli ilimkaa vibaya mdomoni kwa sababu ya mapengo.

Dokta Ngwira alibonyeza kitufe. Kutoka katika kipaza sauti cha Serikali ikatoka sauti ya bwana wa Kiingereza aliyepoteza mwavuli, akimweleza bibi wa ofisi ya vitu vilivyopotea. Bibi alimwuliza mwavuli una rangi gani. Bwana alijibu, kisha pakawa kimya kwa sekunde kumi, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Makofi yalidumu mpaka bwana alipokuwa ameanza kueleza mpini wa mwavuli, na yakaanza tena kabla hajamaliza.

Sikudhani alitoa penseli mdomoni, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Hapo palipo kimya, si ndipo tunapotakiwa kuandika jibu?"

"Hapo palipo kimya, Mama, ndipo msemaji anapovuta pumzi. Na msemaji akivuta pumzi tunafanya nini?"

"Tunapiga makofi," ulijibu ukumbi.

"Lakini huyu si kiongozi. Ni mtu tu aliyepoteza mwavuli."

Dokta Ngwira alitabasamu kwa upole wa mtu aliyekwisha kujibu swali hilo katika wilaya nyingine. "Sauti yake imetoka katika kipaza sauti cha nani?"

"Cha Serikali."

"Basi kwa muda huo mfupi, Mama, mwavuli ni wa Serikali."

"Mwache bwana wa watu apigiwe makofi, Mama Tunu," Bwana Likwata alisema bila kuitoa penseli. "Kapoteza mwavuli, akose na faraja?"

Watu walicheka. Dokta Ngwira naye alicheka, akaandika jina la Bwana Likwata katika daftari la wenye mwelekeo mzuri. Mwisho wa somo kila mtu aliulizwa mwavuli ulikuwa wa rangi gani, na majibu yalikuwa kumi na mawili tofauti, likiwemo la Bwana Likwata aliyejibu kwamba ni Jumanne.

*

Baada ya wiki tatu Sikudhani aliandika barua kuomba kibali cha kusikiliza kwa faragha. Wizara ilimjibu kwamba jambo hilo si la kawaida lakini halijakatazwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulifikiria. Alipewa redio kaseti ya Serikali yenye muhuri wa ngao ya taifa ubavuni, pamoja na sharti moja: kila palipo kimya katika kanda apige makofi peke yake, na kila Ijumaa jirani mwenye akili timamu atie saini kwamba ameyasikia.

Kwa hiyo bwana wa mwavuli na bibi wa ofisi wakahamia nyumbani kwa Sikudhani.

Mwanzoni aliwasikiliza kama mtu anayesikiliza mtihani, akisimamisha, akirudisha nyuma, akiandika. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa ameyashika mazungumzo yote: mwavuli mweusi, mpini wa mti, uliachwa kwenye kiti cha nyuma. Alijua mahali ambapo bibi yule hukohoa kidogo. Alijua kwamba bwana yule, kabla ya kutaja jina lake, husita kama mtu ambaye siku nyingi hajaulizwa. Kila asubuhi saa tatu alikuwa anapoteza mwavuli upya, na kila asubuhi bibi alimwuliza upya una rangi gani, bila kuchoka wala kumkemea. Sikudhani akaanza kujiuliza kama bwana huyo ana mke, na kama anaye, kwa nini hamkumbushi mwavuli anapotoka.

Upande wa pili wa kanda palikuwa na mhadhiri aliyeeleza ufugaji wa nyuki kwa dakika ishirini. Huyo hakumpenda sana. Alimwacha aseme wakati anapika, kwa kuwa nyumba yenye mtu anayesema huwa si tupu kama nyumba yenye sufuria peke yake. Siku moja alijikuta amemimina chai vikombe viwili. Akavitazama, akanywa kimoja, kisha akanywa na kingine, maana chai haitupwi. Siku nyingine alibonyeza kitufe kurudisha kanda nyuma, na kidole kikiwa bado juu ya kitufe akatambua kwamba maswali ya sehemu ile alikwisha kuyamaliza wiki mbili zilizopita.

Ijumaa Bwana Likwata alikuja kutia saini.

"Hodi, Mama Tunu. Nimekuja kuthibitisha kwamba wewe ni mzalendo."

"Karibu. Umeyasikia makofi?"

"Nimeyasikia tangu Jumatatu. Mke wangu ananiuliza kuna harusi gani isiyokwisha." Alitia saini, akakaa. "Mimi viganja navipaka mafuta ya nazi kila siku. Dokta Ngwira kasema siku ya mtihani tutapiga saa tatu mfululizo. Ukiwa na viganja vikavu unaumbuka."

"Na kusikia, utasikia saa ngapi?"

"Kusikia nini tena?"

Sikudhani alikuwa anafikiri juu ya wodi yake. Pale Mirerembe palikuwa na vitanda kumi na viwili na wazazi ishirini. Mmoja analia, mwingine anaimba nyimbo za dini, nje jenereta linaunguruma na juu mvua inapiga bati. Katikati ya hayo yote yeye aliinama, akaweka pembe ya mbao juu ya tumbo la mtu, akasikia moyo mdogo usio mkubwa kuliko njugu. Kelele hakuwahi kuzinyamazisha. Alijifunza kupita chini yake.

"Bwana Likwata," alisema, "unaweza kuja kunipigia makofi?"

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nitawasha kanda, wewe kila pakiwa kimya upige kwa nguvu zako zote, usinihurumie."

Bwana Likwata alikuwa mtu wa kusaidia. Kwa wiki nne, kila alasiri, alikaa kwenye kigoda sebuleni mwa jirani yake na kupiga makofi mbele ya bwana aliyepoteza mwavuli, huku Sikudhani akiwa amefumba macho na penseli mdomoni. Wiki ya kwanza hakuandika kitu. Wiki ya pili alianza kupata neno moja moja. Wiki ya nne alipata yote, hata kikohozi cha bibi.

"Hebu niambie," Bwana Likwata aliuliza siku ya mwisho, akipuliza viganja vyake. "Wale wanazungumza habari gani?"

"Bwana kapoteza mwavuli."

"Mpaka leo hajaupata?"

"Hajaupata."

"Nchi za watu nazo," alisema Bwana Likwata kwa masikitiko, akaenda kwake.

*

Mtihani ulifanyika katika uwanja wa ndani wa michezo, kwa watahiniwa mia sita na kumi na wawili. Mheshimiwa Waziri wa Usikivu alifungua kwa hotuba ya saa mbili kuhusu umuhimu wa ukimya, ambayo ilipigiwa makofi mara tisini na nne. Alisema kwamba mataifa mengine yana dhahabu na mataifa mengine yana mafuta, lakini nchi hii ina masikio, mawili kwa kila raia, na hakuna taifa linaloweza kudai kuwa na mengi zaidi. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe ni msikilizaji mkubwa, na akalieleza jambo hilo kwa dakika arobaini.

Kisha kanda ya mtihani ikawashwa.

Hakuwa bwana wa mwavuli. Sikudhani, ambaye alijua fika kwamba mtihani huwa na sauti mpya, alishtuka hata hivyo, kama mtu aliyefungua mlango akitarajia jirani akamkuta mgeni. Sauti ilikuwa ya mwanamke kijana, akipiga simu nyumba ya wageni. Alitaka chumba. Makofi yakaanguka. Chini ya makofi Sikudhani alimsikia mwanamke akisema kwamba chumba si chake, ni cha mama yake anayekuja kumtembelea kutoka mbali. Kisiwe cha ghorofani, mama magoti yanamsumbua. Kiwe na dirisha. Akaulizwa mama atakaa siku ngapi, na mwanamke yule akacheka kidogo, akasema hajui, muda wote atakaopenda.

Sikudhani alipiga makofi kama sheria ilivyotaka, akachomoa penseli, akaandika, akairudisha, akapiga tena. Kushoto kwake Bwana Likwata alikuwa anang'aa jasho. Mbele, nyuma, na mpaka juu kwenye ngazi, watu mia sita walikuwa wanapiga makofi kwa moyo wote, nyuso zimeinuliwa, na hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyejua kwamba kuna mama anakuja. Alitamani kumgusa mtu begani amwambie. Lakini kanuni ya kumi na tisa ilikataza watahiniwa kugusana.

*

Matokeo yalitoka mwezi wa kumi, siku iliyopangwa, jambo ambalo lenyewe liliwatia watu wasiwasi. Mtahiniwa mmoja alipata alama arobaini kati ya arobaini. Wengine wote mia sita na kumi na mmoja walipata kati ya sifuri na sita. Bwana Likwata alipata mbili.

Wizara ilikaa kikao cha siku tatu, na Mheshimiwa Waziri akatoka kulihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "mtu anaweza kufeli. Idara inaweza kufeli. Lakini taifa haliwezi kufeli, kwa sababu likifeli litakaririshwa darasa na nani? Hivyo basi, baada ya kupima mambo kwa kina, Wizara imeshusha alama ya kufaulu kutoka ishirini na nne hadi sifuri, na inawapongeza kwa dhati wote waliofikia kiwango hicho."

Makofi.

"Vibali vya Kutoka vitatolewa kwa wote waliofaulu, isipokuwa mmoja."

Makofi.

Alieleza sababu kwa fahari. Sheria ya Maliasili, kifungu cha tisa, ilisema kwamba kitu chochote kitakachogunduliwa nchini kikiwa kimoja tu hakitasafirishwa nje. Orodha ya vitu hivyo mpaka siku hiyo ilikuwa na kifaru mzee mmoja na jiwe moja la kijani ambalo matumizi yake hayajajulikana. Sasa iliongezewa mwanamke mmoja mwenye uwezo wa kusikia. Alitangazwa Msikilizaji Mkuu wa Taifa, akavishwa utepe, akapewa ofisi ghorofa ya sita. Ili rasilimali hiyo isiharibiwe na kelele, kuta za ofisi zilifunikwa magodoro, dirisha likazibwa kwa magodoro, na mlango ukaongezewa godoro kwa ndani. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza wageni wa kutoka ng'ambo. Wageni hawakuja. Kutoka saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu Sikudhani alikaa kwenye kiti kikubwa, na hakusikia chochote isipokuwa meno yake mwenyewe alipokula karanga.

*

Siku ya nne alishuka hadi ofisi ya rufaa. Karani aliyekuwa dirishani aliitwa Bi. Eshe, kijana mwenye adabu, ambaye Sikudhani alikumbuka kwamba alizaliwa akitanguliza miguu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukata rufaa."

"Pole. Umefeli?"

"Nimefaulu."

Bi. Eshe aliitazama fomu, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. "Mama yangu, fomu yetu imeandikwa 'Nimefeli kwa sababu zifuatazo.' Ya aliyefaulu hatuna."

"Kata 'nimefeli', andika 'nimefaulu'."

"Fomu ya Serikali haikatwi, Mama. Ukiikata inakuwa karatasi." Alishusha sauti. "Kwani unataka nini hasa?"

"Nataka nipunguziwe alama. Hata wakinipa sita. Wenye sita wanasafiri."

"Alama hazipunguzwi bila kosa. Ulikosea wapi?"

"Sikukosea."

"Basi unaona mwenyewe ulipojiharibia."

Kwa wema wa moyo wake Bi. Eshe alimruhusu aandike barua ya kawaida. Sikudhani aliandika ukurasa mmoja ulionyooka, bila kulalamika. Alieleza kwamba binti yake anatarajia kujifungua, kwamba ni mtoto wa kwanza, kwamba mume yuko safarini, na kwamba yeye aliahidi. Aliomba wiki sita tu, kisha angerudi kwenye magodoro yake. Barua ikapokewa, ikagongwa muhuri, ikapanda ngazi.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Lilisema kwamba rufaa yake ilisomwa mbele ya Kamati kwa kipaza sauti, ikapigiwa makofi mara saba, na kwa hiyo inahesabiwa kuwa imesikilizwa kikamilifu. Jalada lilikuwa limefungwa.

Alishuka tena dirishani. "Waliamua nini?"

"Waliisikiliza, Mama."

"Hilo nimelisoma. Walisema nini?"

Bi. Eshe aliangalia meza. "Nilikuwepo, Mama. Hakuna aliyepata nafasi ya kusema."

*

Bwana Likwata alisafiri siku mbili baadaye, pamoja na watu wengine mia sita ambao hawakusikia kitu. Sikudhani alimsindikiza mpaka getini kwake na kumkabidhi furushi: kanga mbili, beleko, na kofia ya sufu aliyoifuma ofisini katika saa ambazo wageni hawakuja.

"Mpe Tunu mwenyewe, mkononi."

"Nitampa." Bwana Likwata alilihamisha furushi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Siku hiyo hakuwa na mzaha. "Mama Tunu, mimi naona haya. Ningekupa alama zangu zote mbili kama zingetosha kitu."

"Zimekutosha wewe. Nenda, utachelewa."

"Nikifika nimwambie nini binti yako?"

"Mwambie yaliyotokea."

Mtoto alizaliwa Jumatano, wiki moja kabla ya siku yake, mume wa Tunu akiwa umbali wa siku mbili na lori lililojaa vigae. Jumamosi saa saba Sikudhani alikuwa ameketi mezani kwake, simu mbele yake. Ilipoita aliishika kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mama, ni wa kike."

"Nambie, umechanika? Damu inatokaje? Umekula?"

"Niko salama, Mama. Mama, sikiliza, nilikuwa peke yangu. Nesi alikuja, akaangalia mashine, akaondoka. Mpaka mwisho kabisa ndipo wakaja wote."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Najua wanavyofanya."

Nyuma ya sauti ya Tunu mtoto alianza kulia. Sikudhani aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Mnyonyeshe," alisema. "Ziwa la kulia, amelizoea. Hilo si tumbo, ni njaa. Na umfungue hicho kitu kifuani, umembana."

Upande wa pili palikuwa na vurugu ndogo ya nguo, kisha kilio kikakatika. Sikudhani akasikia mtoto akimeza.

"Mzee Likwata alikuja jana," Tunu alisema. "Kaleta furushi. Kofia imemkaa vizuri. Lakini yule mzee haachi utani, Mama. Nimemwuliza mbona mama hakuja, ananiambia ati umefaulu kuliko watu wote, ndiyo maana wamekuzuia. Yeye kapata mbili, ndiyo maana kaachiwa. Nimecheka mpaka mshono ukaniuma."

Sikudhani naye alicheka kidogo. "Haachi utani."

"Mimi siyo mtoto, Mama. Niambie ukweli tu, sitakasirika. Ulifeli?"

Sikudhani aliutazama ukuta wa mbele, ambao haukuwa na kitu. Angeweza kueleza. Angeanza na ujumbe wa maofisa kumi na wanane, apitie kwenye makofi, afike kwenye kifaru na jiwe la kijani. Na binti yake, aliyekaa miaka tisa katika nchi ambayo mtu huulizwa chai au kahawa akajibu chai, angesikiliza kila neno na asingeliamini hata moja. Angebaki akijiuliza mama yake anamficha nini.

"Nilifeli, mwanangu."

"Zote?"

"Zilinipita."

Tunu alishusha pumzi, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa laini, ya mzazi, ya mtu aliyekuwa na siku tatu tu katika kazi hiyo na tayari ameiweza.

"Basi si neno, Mama. Wengi hufeli mara ya kwanza. Mwakani utarudia, utamkuta anatembea. Ila safari hii usiwe na haraka. Ukishaingia ukumbini, tulia, usikilize."

"Nitatulia," alisema Sikudhani.